Mdogo wangu katoka hospitali ya akili, ukoo wanataka arudishwe akae huko huko

Shikamoo Anti.

Naomba jina langu usiliweke maana huku kwetu watu wanasoma sana hizi safu, wakijua ni mimi itakuwa kesi nyingine.

Mi nimeolewa, nina mtoto mmoja wa kike bado mdogo, tunakaa Morogoro mjini nyumba ya kupanga. Nina mdogo wangu wa kiume anayenifuata. Baba yetu alishafariki, mama yupo kijijini ila ni mtu mzima sasa na miguu inamsumbua. Huyu mdogo wangu alikuwa fundi cherehani mzuri sana, yaani suti za harusi mtaa mzima zilikuwa zinapita kwake, alikuwa na fremu yake na vijana anawafundisha kazi. Akaja kuanza kuumwa. Mwanzo tulidhani ni mapenzi maana aliachwa na mchumba kipindi hicho hicho, akawa halali, anasema redio ya jirani inamsema yeye, anataka izimwe hata kama haijawashwa, baadae akafunga fremu akawa anatembea barabarani usiku. Tumezunguka naye jamani, kwa mganga, kwenye maombi, kwa mganga tena, pesa ikaisha mpaka cherehani moja ikauzwa. Mwisho ndo akapelekwa hospitali ya magonjwa ya akili, daktari akasema ni skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia na kuamini visivyokuwepo, akalazwa, na kwakweli walimtibu. Karudi anaongea vizuri, anakumbuka kila kitu, hata aliniomba msamaha kwa aliyonifanyia wakati anaumwa.

Sasa Anti mi nilijua tukishatoka hospitali tumemaliza, kumbe ndo kwanza tunaanza.

Kwanza alifikia kwa baba mdogo kwa sababu ndo mkubwa wa ukoo sasa hivi. Nilivyoenda kumuona nikakuta katengewa kikombe chake na sahani yake, kikombe cha plastiki cha bluu, kinakaa nje juu ya ndoo, hakichanganywi na vyombo vya wengine. Hakuna aliyemwambia kitu ila yeye alishaelewa, nikamuona akimaliza chai anakiosha mwenyewe kwenye beseni lake anakirudisha palepale juu ya ndoo. Nilishindwa hata kula siku ile. Nikamwambia kusanya nguo zako twende.

Hapa kwangu nako si rahisi. Watoto wa mtaani wakimuona wanapiga kelele "Mirembe! Mirembe!", ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, na wazazi wao wapo barazani wanacheka. Mwenye nyumba kaniita akaniambia yeye hana shida na mimi ila wapangaji wenzangu wanaogopa, ananipa mpaka mwisho wa mwezi ujao niangalie utaratibu. Mume wangu alikuwa anaelewa mwanzoni, sasa hivi anasema ana wasiwasi na mtoto, akitoka kwenda kazini usiku hana amani. Sio mtu mbaya Anti, anaogopa tu. Fundi mwenzake mdogo wangu alikuwa amemkaribisha kwenye fremu yake ashone pale, wateja wakaanza kuuliza huyu si ndo yule aliyekuwa anatembea usiku, ikabidi aambiwe apumzike kwanza. Na yeye mwenyewe kazi inamtesa maana akishachomwa ile sindano ya mwezi mikono inamtetemeka, kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani hawezi mpaka nimtungie mimi, miguu haitulii, siku nyingine mate yanamtoka. Ananiambia dada nataka niache hizi dawa nirudi kuwa mimi. Na dawa zenyewe kituo cha afya tunakoenda mara zipo mara hamna, tunaambiwa tukanunue nje.

Baba mdogo kaitisha kikao cha ukoo. Anataka arudishwe hospitali akae huko moja kwa moja, ikishindikana apelekwe kijijini kwenye kile chumba cha nyuma afungiwe, mama atakuwa anampa chakula. Na kile kiwanja baba alichomwachia mdogo wangu kiuzwe maana "hana akili za kumiliki kitu". Mdogo wangu hajaitwa kwenye kikao. Mi nimeitwa ila kama mtu wa kupewa taarifa.

Anti nimechoka. Nampenda mdogo wangu ila nimechoka. Hivi huu mzigo ni wa kwangu peke yangu? Serikali ipo, majirani wapo, kanisa lipo, ukoo upo, mbona wote wananiangalia mimi? Na kwenye kikao nikaseme nini?

Dada wa Morogoro

---

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Nianze na hilo la kuchoka kwa sababu naona umeliandika kama vile unaomba radhi. Mtu anayelea mgonjwa wa akili nyumbani anachoka kuliko watu wanavyojua, hulali vizuri, kila akisimama usiku unasikiliza anaenda wapi, na hakuna anayekuletea maua wala pole kama ungekuwa unauguza mguu uliovunjika. Umechoka kwa sababu kazi ya watu kumi unaifanya mmoja. Nakujibu moja kwa moja, huu mzigo sio wako peke yako, na kwenye kikao hilo ndo la kwenda kulisema.

Tuanze na baba mdogo anayetaka kijana arudishwe akae hospitali moja kwa moja. Sijui kama anajua anachoomba. Mtu akishatibiwa akapata nafuu daktari anamruhusu, kitanda kile kinamsubiri mgonjwa mwingine ambaye muda huu kafungwa kamba kwenye gari analetwa. Hospitali inatibu, haichukui nafasi ya ukoo. Zamani duniani kote walikuwa wanafanya hivyo anavyotaka baba mdogo, mtu akiumwa akili anapelekwa mbali na anazeekea kule, hata Mirembe yetu pale Dodoma ilijengwa miaka ya 1920 enzi za Mwingereza na fikra za wakati ule zilikuwa hizo. Na wapo mpaka leo wagonjwa waliopona wakabaki wodini miaka kwa sababu ndugu walitoa namba ya simu isiyopatikana au wakahama. Daktari kasaini aende nyumbani, nyumbani hakuna. Mi hilo linaniuma kuliko hata ugonjwa wenyewe, maana ugonjwa una dawa.

Sasa usije ukaambiwa kwamba kumtoa mtu hospitali ndo kosa. Wenzetu Marekani walikuwa na wagonjwa zaidi ya laki 5 kwenye hospitali za akili za majimbo katikati ya miaka ya 1950. Mwaka 1963 Rais Kennedy akasaini sheria ya kujenga vituo vya jamii nchi nzima, ili watu watoke kule wakatibiwe karibu na kwao. Watu walitoka kweli, ila vituo vilivyojengwa vilikuwa kama nusu tu ya vilivyokusudiwa, hela haikufuata, nyumba hakuna, kazi hakuna, na wengi wakaishia kulala barabarani na magerezani. Kutoka hospitali halikuwa kosa, kosa ni kwamba walipotoka hakukuwa na wa kuwapokea. Na ndicho kinachotaka kumtokea mdogo wako, tofauti ni kwamba yeye ana dada.

Halafu watu wanavyosema haya mambo ya kumpokea mgonjwa kwenye jamii ni ya Wazungu nawashangaa. Mwaka 1954 kule Nigeria, Aro, jirani na mji wa Abeokuta, daktari Mwafrika anaitwa Thomas Adeoye Lambo alikataa kuwarundika wagonjwa ndani ya ukuta. Aliongea na vijiji vilivyokuwa karibu na hospitali, mgonjwa anapanga chumba kijijini pamoja na ndugu yake mmoja, asubuhi anaenda hospitali anatibiwa, jioni anarudi kijijini anapika, anapiga stori, anasaidia shamba. Wenyeji wakawazoea. Dunia ikaja kujifunza pale. Na hapa kwetu baada ya uhuru nchi ilianzisha vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili, mtu akitoka wodini hapelekwi moja kwa moja mtaani, anakaa pale analima anafuga, anazoea tena kuamka na kazi, ndipo anarudi kwao. Dar es Salaam pale Vikuruti ni mfano wa hayo. Kule Lutindi, milimani Korogwe, hospitali ya kanisa ya wagonjwa wa akili ina zaidi ya miaka mia na kazi za mikono na shamba ni sehemu ya matibabu. Na huko huko kwenu Morogoro, pamoja na Kilimanjaro, miaka ya 1980 ndo serikali ilianza kwa majaribio kufundisha watumishi wa zahanati na vituo vya afya kutibu magonjwa ya akili karibu na nyumbani kwa watu, ili mtu asisafiri mpaka Dodoma kwa sindano. Kwahiyo tunajua inavyofanyika. Tumelegea tu, tukaacha kila kitu kwa dada na mama.

Turudi kwa mdogo wako, naanza na dawa kwa sababu zikiharibika hizo mengine yote yanaanguka. Kutetemeka mikono, miguu kutotulia, mate kutoka, yote hayo ni maudhi ya dawa yanayojulikana kabisa, daktari hashangai ukimwambia, na yanatibika. Kuna vidonge vya kutuliza huo mtetemeko, dozi inaweza kupunguzwa, sindano inaweza kubadilishwa kuwa dawa nyingine. Shida yetu tukifika kliniki tunaulizwa "anaendeleaje" tunajibu "anaendelea vizuri" tunachomwa tunaondoka. Safari hii mwende wote wawili na yeye mwenyewe aseme, dokta mimi ni fundi cherehani na siwezi kutunga uzi. Aseme hivyo hivyo. Daktari akisikia kwamba dawa inamnyima mtu mkate wake anaichukulia tofauti na akisikia "anatetemeka kidogo". Ila kuacha mwenyewe kimyakimya hapana, mwambie dada yako mwingine kasema hapana. Hii ya sindano inadanganya, akiacha wiki za kwanza atajisikia mwepesi atasema si nilikwambia, dawa bado ipo mwilini inaisha taratibu, ikishaisha ndo redio ya jirani inaanza kuongea tena. Anavyosema anataka kurudi kuwa yeye mi namuelewa sana, muelewe na wewe usimgombeze, ni haki yake kudai dawa inayomruhusu kuishi.

Kuhusu kuambiwa mkanunue nje. Magonjwa ya akili yamo kwenye orodha ya magonjwa sugu yenye msamaha wa matibabu kwenye vituo vya serikali, kwa hiyo kabla ya kutoa hela nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali au wa halmashauri, mweleze hali ilivyo. Sikudanganyi kwamba ukifika tu dawa itatokea, najua kuna wakati stoo imekauka kweli. Ila huyo afisa anaweza kukuelekeza kituo kingine chenye dawa au kukuandikia rufaa, na hospitali za rufaa za mikoa nyingi zina kliniki ya afya ya akili. Chukua namba ya simu ya nesi wa kliniki, piga kabla hujapanda daladala. Ile karatasi ya kuruhusiwa itoe kopi, moja iwe kwako, moja kwa mama, moja atembee nayo yeye.

Sasa mume wako. Nimependa ulivyosema sio mtu mbaya, anaogopa. Basi usimjibu kama vile anamchukia shemeji yake. Wengi wenye ugonjwa huu hawamdhuru mtu yeyote, mara nyingi wao ndo wanapigwa, wanaibiwa, wanabakwa, lakini ukimwambia hivyo tu hatatulia, baba akiwa na mtoto ndani ya nyumba anataka kujua atafanya nini siku mambo yakibadilika. Nenda naye kliniki siku moja aongee na daktari yeye mwenyewe, aulize maswali yake yote hata yale anayoona aibu kukuuliza wewe. Halafu kaeni watatu, wewe, yeye na mdogo wako, wakati huu ambao kijana yuko vizuri, muandike kwenye daftari dalili zake zinaanzaje. Yeye anazijua kuliko ninyi. Kwa ulivyoeleza inaanza kutolala, halafu redio, halafu kutembea. Akikosa usingizi siku mbili mfululizo nani anapiga simu, kwa nani, bodaboda au teksi ya nani inayomjua, nani anamsindikiza, mtoto siku hiyo anaenda kulala kwa jirani gani. Mdogo wako aseme mwenyewe akianza kuumwa anataka ashikwe na nani na nani asimsogelee. Na hapo hapo muwekeane wazi kwamba bangi, pombe na mirungi havigusi, kwa mtu mwenye ugonjwa huu hivyo vinaamsha kila kitu. Mume wako akiona hilo daftari lipo na anajua nafasi yake, utaona usingizi unarudi. Na kama kazi yake ni ya usiku, zile siku yupo zamu mama mkwe au shangazi yeyote aje alale pale, sio kwa sababu kijana ni hatari, ni kwa sababu na wewe unahitaji kulala.

Mwenye nyumba usimfuate peke yako. Nenda kwa mjumbe wako kwanza, halafu mwenyekiti wa serikali ya mtaa, waeleze kwamba nina mgonjwa aliyetibiwa, anatumia dawa, karatasi hizi hapa, na naombeni mnisindikize kuongea na baba mwenye nyumba. Mwenye nyumba naye anaogopa wapangaji wasihame, hilo ni jambo la hela na linajadilika. Mwambie kijana akibadilika atapigiwa nani, mpe namba. Unaweza kushangaa. Wapangaji wengi wanachoogopa ni kutojua, wanamuona mtu anatetemeka mikono wanadhani ni ugonjwa unapanda kumbe ni dawa inafanya kazi. Waambie. Sio siri ya kuficha, ila muombe kwanza ruhusa mdogo wako, ni habari ya mwili wake. Na mwenyekiti akikubali, hilo la watoto alisemee kwenye mkutano wa mtaa mbele ya wazazi. Mtoto wa miaka saba hajui Mirembe ni nini, kaisikia barazani. Mkubwa anayecheka pale ndo wa kuambiwa, na aambiwe na mtu mwenye cheo, sio na wewe unayeonekana unamtetea ndugu yako.

Kazi. Hapa nitakaa kidogo maana naona ndo dawa yake ya pili. Fundi cherehani ambaye hashoni anakaa ndani siku nzima anawaza, na kuwaza ndo adui yake. Lakini kumrudisha fremu ya barabarani, wateja wanaingia wanamkodolea macho, mapema hivi, naona mlimrushia mzigo mkubwa kwa mara moja. Yule fundi mwenzake sio mtu mbaya pia, alifungua mlango, akashindwa kuushikilia. Mrudie. Mwambie mdogo wako asikae pale mbele, achukue kazi za kushonea nyumbani, mashati ya sare za shule, kukunja pindo, kutoa kifungo kuweka kifungo, vitu visivyo na haraka ya harusi, yule anapokea wateja, huyu anashona, wanagawana hela. Sindano zinazotungika kirahisi zinauzwa, na kile kiwaya kidogo cha kutungia uzi kipo kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji kwa hela ndogo, kinunue kesho, aache kukusubiri wewe. Aanze masaa machache, siku za baada ya sindano apumzike. Baadae akiwa ametulia ulizia halmashauri ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambapo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haizungumzii miguu na macho tu, ugonjwa wa akili unaomzuia mtu kushiriki maisha kama wengine nao umo. Afisa maendeleo ya jamii wa kata atakuambia vikundi vinavyosajiliwa vikoje. Atakuwa na maswali, jibu, usikate tamaa siku ya kwanza.

Kanisa umelitaja kwa kupita. Mchungaji au padri wako mtafute, ila usiombe maombezi peke yake. Mama aendelee kuomba, wote tuombe, sindano iendelee. Muombe mchungaji vitu vinavyoshikika, vijana wa kanisani wawili wa kumchukua kila Jumamosi waende naye mazoezi ya kwaya au mpira, akina mama wa jumuiya wa kukaa naye siku unayoenda sokoni, shati la kwaya ashone yeye. Watu wanaokutumia "tunawaombea" kwenye simu wape zamu. Wengi wanataka kusaidia ila hawajui waanzie wapi.

Kile kikombe. Baba mdogo ugonjwa huu haumpati mtu kwa kikombe, hilo nadhani hata yeye analijua. Wala usiende kumshambulia nalo kwenye kikao atajifunga. Ila hapo kwako hakikisha kijana anakula meza moja na ninyi, kikombe chochote kilichopo kabatini, na mtoto wako amuone anavyokula na mjomba wake.

Na chumba cha nyuma kijijini. Hapo sina maneno mengi, msikubali. Mtu mzima aliyetibiwa anayeongea vizuri kumfungia chumbani na kumpelekea chakula ni kumfunga jela bila kesi, na mama yenu mwenye miguu mibovu mnamfanya askari magereza wa mwanae. Akiwa ndani kule dawa ataifuata nani? Atarudiwa na ugonjwa ndani ya miezi, halafu watasema mnaona, tuliwaambia. Nchi yetu ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, kumlaza na kumshikilia mtu kwa sababu ya akili kuna utaratibu wake na hauanzii kwenye kikao cha ukoo. Wakilazimisha, nenda kwa mtendaji wa kata na ustawi wa jamii kabla hajapelekwa, sio baada.

Kwenye kikao usiende peke yako na usiende bila yeye. Kama nesi au afisa ustawi anaweza kuja, mualike, baba mdogo atamsikiliza mtu mwenye kitambulisho shingoni kuliko wewe binti wa kaka yake, ndivyo koo zetu zilivyo. Mkifika msalimie vizuri, shikamoo baba, mpe heshima yake yote, halafu mwambie baba sijaja kubishana na wewe, nimekuja kuomba mgawane na mimi huu mzigo. Uwe umeandika tayari. Nauli na dawa kwa mwezi ni kiasi hiki, fulani atoe hiki fulani hiki. Mara moja kwa miezi kadhaa kijana akakae wiki mbili kwa binamu yake ili nipumue. Baba mdogo wewe ndo mkubwa wetu, naomba uwe unampeleka kliniki zamu moja. Mpe kazi, wakubwa wengi wa ukoo wakipewa kazi yenye heshima wanabadilika, wakiachwa wanatoa amri tu. Atakayesema hana hela atoe muda, atakayesema hana muda atoe hela. Na mdogo wako apewe nafasi ya kuongea kabla watu hawajaamua chochote kuhusu yeye, hata kama atatetemeka akiongea.

La mwisho ni kiwanja, na hili ulifanye hata kabla ya kikao. Mtu kuumwa akili hakumfanyi apoteze mali yake, na mali ya mgonjwa haiuzwi na ukoo kwa kupiga kura. Kama kweli ingefika mahali hawezi kabisa kusimamia mambo yake, hilo linaamuliwa mahakamani na anayepewa kusimamia anasimamia kwa faida ya mgonjwa, sio ya kwake. Mdogo wako sasa hivi anaongea, anakumbuka, anashona, hayuko huko. Usisaini karatasi yoyote, yeye asisaini karatasi yoyote, wala dole gumba. Nyaraka za kiwanja ziko kwa nani? Kama ziko kwa baba mdogo pigeni kopi kwa lugha nzuri, kama ziko kwa mama zitoe pale kijijini uziweke sehemu salama, mwambie mwenyekiti wa mtaa kiwanja kilipo kwamba kuna mauziano yanaweza kuletwa na mwenyewe hajaridhia. Msaada wa kisheria wa bure upo, ustawi wa jamii watakuelekeza ulipo kwa Morogoro. Hili usilisubirishe mpaka mwisho wa mwezi, nyumba ya kupanga utapata nyingine, kiwanja kikishauzwa kukirudisha ni miaka.

Kikao kikipita niandikie walivyosema, na mwenye nyumba alivyojibu.

Anti